Kabla Hujatunga Mkufu wa Sikukuu: Stori ya Shanga za Tabora na Watu Wasio na Majina

Desemba ndiyo hiyo. Kila ukishusha kidole kwenye simu unakutana na video ya mtu anajitengenezea mapambo ya sikukuu: mkufu wa shanga, heleni za vipande vya kitenge, bangili ya vifungo vya shati la zamani. Bei chee, unapendeza, na mtu akikuuliza "umenunua wapi?" unajibu kwa madaha, "nimetengeneza mwenyewe." Na mimi ni wa humohumo, sijifichi.

Leo lakini sijaleta darasa la kutunga tu (lipo huko mwishoni, vumilia). Nimeleta stori ya watu walioshika shanga kabla yetu. Wengi wao hawana jina kwenye kitabu chochote. Na nimeileta kwa sababu mwaka jana, sebuleni kwa bibi yangu Tabora, nusura ukoo ugombane kwa ajili ya kopo moja la shanga.

Kopo la maziwa

Nilikwenda kula sikukuu kwa bibi mzaa baba. Begi langu lilikuwa na vifaa vyote: uzi wa nailoni, pakiti sita za shanga za plastiki, ndoano za heleni, gundi. Nilipanga kuwatungia wadogo zangu wote mikufu ya kuvaa siku ya Krismasi, niokoe hela ya zawadi.

Usiku wa pili umeme ukakatika. Nikawa natunga kwa tochi ya simu. Bibi akaniangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mjukuu wangu, huo uzi umeukata mfupi. Nani atauvaa, paka?"

"Bibi, nimepima kwa rula."

"Rula ya nini? Mkono wako huo si upo?"

Akanishika mkono. Akaweka ncha ya uzi kwenye kidole gumba changu, akauvuta mpaka kwenye kiwiko, akaurudisha mpaka kwenye kidole gumba. "Kata hapo." Nikakata. Nilipouvaa, ulizunguka shingo mara mbili, ukakaa sawasawa.

Halafu akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililoanza kutu. Ndani yake kulikuwa na shanga ndogo nyekundu, nyekundu ya kweli, si ile ya plastiki inayopauka baada ya wiki mbili. Uzi wake ulishaoza zamani, zimelala tu chini kama mchanga. Moja ilikuwa imepasuka. Niliimulika: nje nyekundu, ndani nyeupe.

"Za nani hizi, bibi?"

"Za mama yangu. Yeye alipewa na mama yake. Huko nyuma zaidi usiniulize, majina yao siyajui."

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amekaa pembeni kimya. Akaitikia palepale: "Bibi, hizi ni hela!" Kumbe kuna jamaa alikuwa anapita mtaani kwao ananunua vitu vya kale, na shanga za zamani ndizo anazozitafuta hasa. Bei aliyoitaja ingelipa ada ya mtoto wake ya muhula mzima. Binamu anamlea yule mtoto peke yake, na Januari ndiyo hiyo inakuja.

Hapo ndipo sebule ilipogawanyika. Mimi nikasema haziuzwi, ni historia. Binamu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Historia ya nani? Unaijua?"

Kiukweli sikuwa naijua. Nikaanza kusoma.

Tabora ilipokuwa Kariakoo ya bara

Watu wengi wa mjini wakisikia Tabora wanakumbuka asali, maembe na treni. Karne ya 19 Tabora na vijiji vyake, eneo lililoitwa Unyanyembe, ndiyo ilikuwa njia panda ya biashara ya nusu ya Afrika Mashariki. Ukitoka Bagamoyo unapita Ugogo, unafika Unyanyembe. Kutoka hapo njia moja inakwenda magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nyingine inashuka kusini-magharibi kufuata shaba ya Katanga.

Wanyamwezi ndio walioifanya njia hiyo ipitike. Walikuwa wanashuka pwani na meno ya tembo tangu karibu na mwaka 1800, kabla Mzungu yeyote hajapita na daftari lake. Richard Burton na John Speke walipoingia Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani. Walikuta mji unaendelea na shughuli zake: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiishi kwenye matembe makubwa, mashamba, maghala, misafara inaingia na kutoka.

Ndani ya maghala yale mizigo ilikuwa ya aina tatu kuu. Ya kwanza nguo, hasa ile pamba nyeupe kutoka Marekani iliyopewa jina la "merikani", jina ambalo bibi zetu wanalo mpaka leo. Ya pili waya wa shaba na shaba nyeupe. Ya tatu shanga.

Usidhani walikuwa washamba

Shuleni tulifundishwa kwa kifupi: wageni walileta shanga za bure, babu zetu wakatoa pembe za ndovu, basi. Picha inayokujia kichwani ni ya mtu anayeshangaa kitu kinachong'aa, anadanganywa mchana kweupe.

Ukisoma yale waliyoandika wafanyabiashara na wasafiri wenyewe, unakuta waliokuwa wanatetemeka ni wao. Burton anasema zilikuwepo aina karibu 400 za shanga sokoni, na kila sehemu ya bara ilikuwa na zake. Ukikosea rangi umekwisha. Mzigo uliobebwa kichwani miezi mitatu unafika, akina mama wanauangalia, wanasema "hii haivaliwi tena," wanageuka zao.

Henry Morton Stanley mwaka 1871, anajiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11. Anaeleza alivyoumiza kichwa kupiga hesabu. Shanga nyeusi zinapokewa kama hela Ugogo, lakini ukitoka Ugogo hakuna anayezitaka. Zile kubwa za mfano wa yai la njiwa zina thamani Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kwingine zinakataliwa. Unyamwezi wanataka nyekundu. Hebu fikiria unafungasha mzigo wa kwenda mikoa mitano, na kila mkoa una trendi yake, halafu hakuna simu ya kuuliza.

Sasa sikiliza hii. Ile nyekundu iliyotamba kuliko zote iliitwa samesame. Burton anaieleza: ushanga mdogo mwekundu kama marijani, uliopakwa wekundu juu ya weupe. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Niliposoma mstari huo niliweka simu chini, nikakumbuka ule ushanga uliopasuka kwenye kopo.

Samesame ilikuwa na majina ya utani. Moja lilikuwa na maana ya kimaliza-chakula, kwamba mtu yuko tayari kutoa mlo wake ili aipate. Jingine lilikuwa na maana ya kivunja-mji, kwamba ikiingia mjini nyumba hazikaliki, wake wanaitaka. Bila shaka majina hayo waliyabuni wanaume waliotumwa kuinunua! Ila yanatuambia jambo moja: walioamua kipi ni fasheni na kipi ni takataka hawakuwa matajiri wa Zanzibar wala wenye viwanda Ulaya. Walikuwa wanawake wa huku bara, kwenye vijiji vya njiani. Viwanda vilisubiri wao waseme.

Na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa jina.

Hela unayoivaa

Kuna kitu kingine ambacho shuleni hakikusemwa. Shanga zilikuwa pambo na hela kwa wakati mmoja, na zilikuwa na vipimo vyake rasmi.

Kipimo kidogo kilikuwa urefu wa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo cha mkono. Vinne vya hivyo vinafanya kete moja. (Tulieni, si ile kete mnayoifikiria.) Kete ilipimwa kutoka kidole gumba mpaka kiwiko, kwenda na kurudi. Ndiyo, vilevile alivyonifanyia bibi kwenye giza. Na wanasema kete ni sawa na kuzunguka koo mara mbili. Kete kumi zikifungwa pamoja zinakuwa fundo moja.

Kwa hiyo sarafu ya njia ile ilikuwa na saizi ya mkufu. Ukilipwa, unavaa. Ukihitaji kununua, unavua. Shingo ndiyo pochi. Mama aliyeuza unga, viazi au kuku kwa msafara uliolala kijijini kwake alirudi nyumbani na hela yake mwenyewe mwilini mwake. Nguo na meno ya tembo yalikuwa biashara za wakubwa. Shanga zilikuwa chenji, na chenji ilikuwa mikononi mwa akina mama.

Na kwa sababu kipimo ni mkono, ujanja haukukosekana. Wewe ungekuwa mnunuzi ungemtuma nani akapime, mfupi au mrefu? Umeshanielewa.

Ujiji walikwenda mbali zaidi. Verney Lovett Cameron, aliyefika pale mwaka 1874, anaeleza soko lililotumia shanga ziitwazo sofi, zenye umbo kama vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa, wanakaa wanaume wenye mifuko ya sofi. Unawapa shanga zako za aina nyingine, wanakubadilishia. Jioni wauzaji wanawarudishia sofi, wanachukua shanga nyingine. Wale jamaa wanakula faida asubuhi na jioni. Hao ndio mawakala wa kutoa na kuweka hela, ila bila mwamvuli wa rangi.

Waliotunga

Shanga nyingi za njia ile zilitoka Venice, Italia. Kioo kiliyeyushwa, kikavutwa kuwa mirija myembamba, kikakatwa vipande vidogo sana. Hadi hapo ni kazi ya kiwandani. Lakini shanga ndogo zisizotungwa haziuziki kirahisi, unazihesabu vipi? Hapo ndipo walipoingia wanawake wa mitaa maskini ya Venice.

Walikaa vizingitini kwa makundi, kila mmoja na sinia la mbao mapajani limejaa shanga. Mkononi ameshika sindano ndefu nyembamba, makumi kwa mkupuo, zimetandazwa kama feni. Anazichovya kwenye shanga, anazisukuma, zinapanda zenyewe kwenye sindano, kisha anazishusha kwenye uzi. Siku nzima, mwaka mzima, huku mtoto analia pembeni. Walilipwa kwa kipande, na malipo yalikuwa duni mpaka mwaka 1904 wakagoma.

Zikishafungwa zinasafiri mpaka Zanzibar, zinavuka Bagamoyo, zinaingia mzigoni. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vitu vyake vya kulalia na chungu. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hii kama kazi ya heshima. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani alichekwa. Na usidhani walikuwa wanaume watupu. Wake zao walitembea nao, wakibeba vyombo na watoto, wakipika kambini.

Njiani shanga zilitungwa upya, kwa sababu uzi wa kiwandani haukuhimili na kila sehemu ilitaka urefu wake. Mwaka 1883 msafara wa Joseph Thomson ulipofika Taveta ukielekea kwa Wamasai, ulilazimika kusimama ili watu watunge shanga zote kwa urefu unaokubalika huko mbele. Hebu ione picha: kambi nzima ya wabeba mizigo, wanaume wenye misuli, wamekaa chini wanapitisha uzi kwenye vitundu vidogo siku baada ya siku. Wanafanya kilekile ninachofanya mimi kwa tochi ya simu.

Mama wa Venice hakumjua mpagazi. Mpagazi hakumjua bibi wa bibi yangu. Lakini wote watatu wameshika ushanga uleule. Vitabu vya wasafiri vina jina la kila rangi ya ushanga. Majina ya hawa hayamo.

Upande ambao hauweki kwenye stetasi

Sasa niseme ukweli mchungu, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya.

Misafara iliyoingia bara na shanga ilirudi pwani na meno ya tembo, na mara nyingi na watu. Unyanyembe na Ujiji yalikuwa masoko ya watumwa. Watu waliotekwa vitani au kwenye uvamizi walinunuliwa kwa nguo, bunduki, waya na shanga. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara haikukoma siku hiyo.

Kwa hiyo ninapotazama shanga nyekundu, siwezi kusema zote zilinunua viazi. Kuna kete zilizonunua binadamu. Naye hana jina, na yeye hakubaki hata na kopo la kuwaachia wajukuu.

Nilimwambia bibi jambo hili. Nilidhani atasikitika, au atanikemea kwa kuleta habari mbaya wakati wa sikukuu. Alinyamaza, halafu akasema, "Kwani unadhani mama yangu hakujua? Wapo waliokuja hapa hawajui kwao ni wapi. Walizikwa hapa, wakawa wa hapa. Huenda na sisi tunatoka kwao." Akaendelea kuchambua mchele.

Sijui kama ulishawahi kuhisi historia ya kitabuni inakaa kwenye kiti cha jirani. Mimi siku ile niliihisi.

Hela zikabadilika, shanga zikabaki

Wajerumani walileta rupia na hela zao, na polepole shanga zikapoteza kazi ya kununua. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliochukua miezi mitatu vichwani mwa watu ukaanza kuingia kwa mabehewa. Mpagazi akakosa kazi, shanga zikawa pambo tu.

Lakini Tabora haikuacha tabia ya kutengeneza thamani kutokana na vitu vya bure. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, Wajerumani waliishiwa sarafu kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli hapohapo Tabora, wakaanza kugonga sarafu zao. Nyingine zilitokana na shaba ya maganda ya risasi na mizinga. Nyingine zilikuwa za dhahabu ya Sekenke, rupia 15, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji duniani wanazigombania sarafu hizo. Maganda ya risasi, jamani!

Na ukirudi nyuma kabisa, huu mchezo wa kugeuza takataka kuwa urembo haukuletwa na mtu yeyote kutoka nje. Kondoa, kwenye pango la Kisese, watafiti walikuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtu alikula yai, akalitazama ganda, akasema hili silitupi. Akalivunja vipande, akavitoboa, akavisugua mpaka vikawa duara, akavitunga. Huyo ndiye mwanzilishi wa hizi video zote unazoziona Desemba. Jina lake? Hakuna.

Tulivyoamua

Tarehe 24 jioni bibi alituita wajukuu wote. Alikuwa amemwaga shanga zake kwenye ungo. Akasema hataki kusikia ugomvi wa vitu vya marehemu. Akatuhesabia: kila mjukuu wa kike shanga thelathini. Wa kiume walipolalamika nao wakapewa kumi kumi. Yeye akabakiza zake chache, pamoja na ile iliyopasuka.

"Haya. Kila mtu na chake. Anayetaka kuvaa avae. Anayetaka kuuza auze, asinifiche."

Usiku ule tulikaa mkekani tukatunga. Shanga thelathini hazijazi mkufu, kwa hiyo nilitoa pakiti zangu za plastiki, tukachanganya: nyeupe tano, nyekundu ya bibi moja, nyeupe tano, nyekundu moja. Uzi ulipimwa kwa mkono, kiwikoni na kurudi. Wadogo zangu walikwenda kanisani Krismasi wamevaa kete kamili bila kujua neno hilo. Walipendeza hatari.

Binamu hakutunga zake. Januari aliziuza, na mtoto akaenda shule. Aliponipigia simu kunieleza alikuwa na sauti ya mtu anayesubiri kutukanwa. Nilitaka kusema kitu, lakini nikakumbuka yote niliyosoma. Zile shanga zilikuwa hela tangu siku zilipofika. Inawezekana kabisa kwamba mama wa zamani alizivaa shingoni kwa sababu hiyohiyo: siku mtoto akihitaji kitu, anavua. Nikamwambia, "Umefanya kazi yake." Akalia. Nami nikalia, halafu tukaanza kusengenyana mambo mengine.

Bado naumia kidogo. Nikiwa mkweli, ningependa ziwe zote pamoja. Lakini aliyesema haziuzwi, yaani mimi, sikuwa na ada ya kulipa.

Darasa fupi: tunga kete yako

Nilikuahidi, sasa twende. Unahitaji uzi wa nailoni ule wa kuvulia samaki (imara na hauozi), sindano nyembamba, pakiti mbili tatu za shanga ndogo, na kifungio cha mkufu ukitaka.

Kwanza, pima kwa mkono wa atakayeuvaa: kidole gumba mpaka kiwiko, rudi mpaka kidole gumba. Ongeza upana wa kiganja kwa ajili ya mafundo, ndipo ukate.

Pili, mwaga shanga kwenye sahani yenye kitambaa, zisikimbie. Usizichukue moja moja kwa vidole. Chovya sindano ndani ya shanga kama wale mama wa Venice, utashangaa kasi yako.

Tatu, panga rangi kabla ya kutunga. Nyekundu na nyeupe hazijawahi kupitwa na wakati tangu 1857. Ukiwa na kitu cha zamani nyumbani, kifungo cha gauni la mama au ushanga mmoja wa heleni iliyopotea mwenzake, kiweke katikati.

Nne, ukimaliza vuta uzi ukaze kiasi, funga fundo mara tatu, kisha ingiza ncha kwenye shanga za jirani ijifiche. Ukizidisha kukaza, mkufu utakuwa mgumu kama fimbo.

Kwa bangili, chukua waya mwembamba wa kazi za mikono, uzungushe kwenye chupa mara sita au saba kama springi, ukunje ncha kwa ndani zisichome. Wanawake wa Unyamwezi walivaa za mtindo huo, zinapanda mkono kutoka kifundoni. Waliziita vitindi.

Na ukishamaliza, fanya jambo moja dogo kwa ajili yangu. Chukua kikaratasi, andika jina lako, tarehe na umemtungia nani. Kiweke kwenye kopo pamoja na shanga zilizobaki. Sisi tumeshafanya. Kikaratasi chetu kina majina kumi na moja, na la kwanza ni la bibi. La mama yake nalo tuliliweka. Hapo ndipo tulipoishia, maana zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Je, kwenu kuna shanga, bangili au kidani cha zamani ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi? Ungeuza au ungebaki nacho? Niambie hapo chini kwenye komenti, na ukitunga chako usisahau kutupia picha.